Ukungu wa Ndani ya Kioo

Binamu yangu Kristian ni fundi mzuri wa malori, na nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata hayamsifu. Gereji yake iko nyuma ya soko la Lushoto. Mimi nachomelea mageti pembeni yake, tumetenganishwa na bati moja. Ana kasoro moja kubwa: akishindwa na gari hawezi kunyamaza, lazima apatikane wa kulaumiwa.

Juni mwaka jana alishindwa na Fuso la mama Yudith, gari kuukuu linalobeba kabichi na karoti kutoka Mlalo kwenda Tanga. Dereva wake alikuwa Yohane, mzee wa kanisa, miaka kumi na moja kwenye usukani ule ule. Kila safari maji ya rejeta yalipungua lita tatu, nne, na chini ya gari hapakuonekana tone. Kristian akabadilisha mipira. Akabadilisha kifuniko cha rejeta, kisha pampu ya maji. Mwisho akafungua injini na kuweka gasketi mpya, akaliunguramisha gari gerejini saa nzima. Maji hayakushuka hata kidogo. Likaenda Tanga, likarudi na kiu ile ile.

"Kioo nacho kinashika ukungu kwa ndani," Yohane alimwambia. "Nikifuta, unarudi."

"Mzee Yohane, huku kwetu mwezi wa sita ni kitu gani kisichoshika ukungu?"

Nilicheka, maana lilikuwa jibu zuri. Sisi tumezaliwa ndani ya ukungu, hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Jumamosi iliyofuata Yudith alikuja mwenyewe, soko limejaa, akataka kujua gari lake linaumwa nini. Kristian alifuta mikono kwa muda mrefu.

"Mama, gari ni zima. Tatizo ni dereva. Asubuhi haongezi maji, halafu anakwambia ameongeza."

Yohane alikuwa amesimama pale pale. Huyu ni mtu ambaye Kristian humwamkia shikamoo kila wanapokutana. Hakugombana. Alimgeukia Yudith, akamwuliza, "Mama, nimewahi kukudanganya?" Yudith akalitazama lori badala ya kumtazama yeye. Yohane akaweka funguo juu ya bampa, akaondoka. Nyuma yake mtu mmoja akacheka, na sisi wengine tukadakia.

Jumatatu akaletwa Abuu, kijana wa Tanga mwenye mke na mtoto mchanga. Alivaa makoti mawili na kofia ya sufu juu ya baraghashia, tukamtania kwamba amejifunika matabaka kama kabichi. Akasafiri mara ya kwanza, maji yakabaki pale pale. Mara ya pili, vile vile. Kristian alizunguka soko zima akisema, "Si niliwaambia?" Habari zilifika hadi Mlalo, kijijini kwa Yohane. Tulisikia ameacha kusoma matangazo kanisani, siku hizi anakaa benchi la nyuma.

Wiki ya tatu mimi na Kristian tulikwenda Mlalo kuzika, na asubuhi ya kurudi tukaomba lifti kwa Abuu. Ukungu ulikuwa mzito, baridi inauma. Kristian, kama mtu yeyote wa milimani, akanyoosha mkono akafungua hita.

"Kumbe hiyo ndiyo inaleta joto?" Abuu akashangaa. "Mimi nilidhani ni ya redio."

Hatukufika mbali, kioo kikashika ukungu kwa ndani. Abuu akafuta. Ukarudi. Kristian akapapasa chini ya dashibodi, kisha akainua kapeti la mpira miguuni pake. Palikuwa na maji ya uvuguvugu, ya kijani, yanachuruzika kwenye tundu la sakafu na kupotelea barabarani. Kirejeta kidogo cha hita kilikuwa kimetoboka. Hita ikifungwa, maji hayafiki huko. Gerejini hatukuwahi kuifungua, na Abuu hakujua kama ipo. Yohane aliifungua kila asubuhi aliposhuka na mzigo.

Kristian alifunga hita. Tulipofika Lushoto aliunganisha mipira ili maji yasipite tena kwenye hita, kazi ya dakika kumi, akaninong'oneza, "Usimwambie mtu." Na mimi sikumwambia mtu. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku tatu alishika spana asifanye kazi. Ya nne akaja upande wangu. "Naona aibu," aliniambia. "Mke wangu ananiwekea chakula, naona aibu hata kukila."

"Mficha uchi hazai," nikamjibu, kana kwamba mimi sikuwa nimeuficha pamoja naye. Tukapanda kwenda Mlalo.

Yohane alikuwa analima. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha jembe. Kristian akaeleza yote: hita, tundu, maji, na zile siku alizonyamaza. Akaomba msamaha. Yohane alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwamba sikudanganya, hilo mimi nilikuwa nalijua," alisema. "Umepanda mlima kuja kuniambia ninalolijua. Kawaambie wale wasiolijua."

Jumamosi Kristian alisimama mbele ya gereji, soko limejaa, Yudith yupo, Yohane yupo. Alisema Yohane hakudanganya, kwamba yeye fundi alishindwa na gari akamtwika mtu mzima uongo, na alipoujua ukweli akauficha. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Yudith alilia, kisha akafanya haraka, kama mtu anayetaka kumaliza deni. Akamwita Abuu. "Lete funguo. Mwenye gari lake amerudi."

Abuu alizitoa mfukoni akampa. Hakuuliza kosa lake, alitutazama tu, mmoja mmoja.

Yudith akamnyooshea Yohane zile funguo, naye akazipokea taratibu. "Mama, huyu naye amekukosea nini?"

Yohane akamrudishia Abuu funguo, akamweleza ni kona zipi za kuogopa siku za ukungu, kisha akaenda kutafuta gari la kumrudisha shambani.