Tulivyonyoa Vichwa Baba Akiwa Hai

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa baridi iliyonipiga kichwani. Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa msichana mdogo wa Buteba, kijiji cha upande wa Uganda.

Baba alikuwa akivusha watu mpakani Busia kwa baiskeli. Asubuhi moja alimbeba mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Polisi akataka kumwona mtoto. Mwanamke akaruka, akatokomea kwenye mihogo, na mtoto akaanguka chini: kumbe ni debe la waragi, pombe kali ya magendo, lililovikwa kofia ya sufu. Baba akabaki na baiskeli, debe na kofia. Wakampeleka jela Tororo, na mama akamfuata na blanketi.

Haya niliyajua baadaye. Wakubwa walitubakiza kwa Nyanya, wakatuficha ukweli. Walitupenda, lakini pia waliona aibu. Nyanya alisema Baba amekwenda kuvuna mtama Sop Sop, kijiji cha mbali. Shangazi, bila kushauriana naye, alisema yuko hospitali. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini waongo wawili wasiopatana hawana njia kabisa. Tukiingia ndani, mazungumzo yalikatika, mtu akaanza kusifia mvua.

Mdogo wangu Wandera, ambaye hakuwa ameanza shule, aliacha kula. Akarudia kukojoa kitandani. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani, alikimbia hadi kwenye ua, kisha akarudi polepole akinyonya kidole. Wakubwa wakasema ana minyoo, wakamnywesha dawa chungu.

Mimi nikafikiri kwa utaratibu. Mtu aliye Sop Sop na hospitali kwa wakati mmoja, na ambaye jina lake linatajwa kwa kunong'ona, huyo amekufa. Na kwetu mtoto aliyefiwa na baba hunyolewa. Nyanya alipokwenda shambani, nikachukua wembe wa Baba. Nikajinyoa, kisha nikamnyoa Wandera, kichwa chake kikabaki kama shamba la wimbi lililoingiliwa na mbuzi. Alilia bila sauti. Kisha tukaenda kisimani, maana msiba hautaki mtungi mtupu.

Kisimani tulimkuta jirani yetu Mama Auma.

"Nyinyi watoto, nani alinyoa nyinyi?"

"Baba amekufa," nikasema.

Hakuuliza zaidi. Alipiga ukemi, na sauti yake ikavuka hadi Kenya bila kibali.

Kabla jua halijafika utosini, ua wetu ulijaa. Wazee walibishana kaburi lichimbwe upande gani. Jogoo wa Nyanya alikuwa tayari chunguni. Mzee mmoja aliyegombana na Baba miaka yote juu ya mpaka wa shamba alisimama akashuhudia kwamba hapajatokea mtu mwema kama marehemu.

Nyanya akafika mbio, jembe begani. "Nani alikufa kwangu?"

"Mwanao, mama! Pole sana!"

Akatutazama vichwa.

"Mwanangu? Hapana kufa! Iko jela! Iko jela Tororo, mzima kabisa, nakula posho!"

Akaziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wazee wakaweka majembe ya kaburi chini.

Wandera akatoka nyuma yangu. "Nyanya, jela iko na mlango?"

"Iko, mjukuu wangu. Mkubwa sana."

"Basi atatoka." Akaketi karibu na chungu. "Nipe ugali."

Akala ugali na mapaja yote mawili ya jogoo. Waombolezaji wakala yaliyosalia, na yule mzee wa mpaka akadai maneno yake yafutwe.

Baba alirudi nywele zetu zikiwa bado hazijalingana. Alimpapasa Wandera utosini, akacheka, kisha akageukia ukuta kwa muda.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu wa nyumba yako akikamatwa, awe amekosa au hakukosa, keti na watoto kabla ya kuketi na majirani. Waambie yuko wapi, kwa maneno wanayoweza kuyabeba. Waambie si wao waliosababisha. Mtoto akiacha kula, usikimbilie dawa ya minyoo, muulize anachowaza. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwetu kilio kilikuja na majembe ya kuchimba kaburi.

Mungu akupe nyumba ambayo kila anayetoka hurudi. Na akichelewa, watoto wako wajue alipo, wale, walale, nywele zao zikiwa kichwani.