Chupa Moja Nyeupe

Mkuu wa idara yetu alikuwa na imani moja: chupa ikitofautiana na zingine, mwenye kosa ni mwanafunzi. Mimi nilikuwa mwalimu wa maabara, na imani hiyo ilinikera kuliko harufu ya amonia.

Ilikuwa miaka ya tisini, gugumaji limetanda ziwani Kisumu hadi maji hayaonekani. Nilituma darasa likachote maji chini ya gugu hilo, tupime kama yana hewa. Kazi yenyewe si ngumu. Unatia dawa mbili chupani: maji yenye hewa yanatoa mashapo ya rangi ya udongo, yasiyo na hewa yanatoa meupe. Chupa zote zilitoka rangi ya udongo, kama kitabu kilivyosema kuhusu maji ya ziwa, isipokuwa ya msichana mmoja wa Kombewa. Yake ilikuwa nyeupe.

"Madam, huyu mpe ziro," mkuu akasema. "Ameharibu dawa. Atarudia mwaka."

"Na kama ni hao wengine wameharibu, Mzee?"

"Wote? Sasa kitabu inadanganya?"

"Kitabu iliandikwa kabla hii takataka ikuje."

Alicheka, akaenda zake. Lakini kurudia mwaka kulimaanisha msichana yule arudi nyumbani na asionekane tena, maana kwao karo ilikuwa imefika mwisho.

Niliwaita wanafunzi, nikaweka beseni la maji mezani, nikawaambia wanionyeshe walivyochota. Mmoja baada ya mwingine alipitisha kwanza mkono juu ya maji, kusukuma uchafu kando, kisha akajaza chupa ikitoa mapovu. Ndivyo mama zetu wa ziwani walivyotufundisha kuteka maji ya kunywa, hata kabla hatujajua kusoma. Wanafunzi walikuwa wamekoroga hewa ndani kwa mikono yao wenyewe. Msichana yule peke yake aliizamisha chupa ikiwa imezibwa, akaizibua huko chini, kama nilivyowafundisha.

Nikamfuata mkuu ofisini. Nilimwambia aje tuchote pamoja, ama nilifikishe jambo hili mbele ya walimu wote. Alikuja ziwani amenuna, suruali ameikunja hadi magotini, chupa mkononi. Aliinama, na mkono wake ukapangua maji, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mzee," nikasema, "mkono."

Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akaiziba chupa, akaizamisha, akaizibua chini. Tulitia dawa pale pale kwenye matope. Mashapo yakashuka, meupe.

Tulirudi na chupa ile mkononi mwake. Mlangoni pa maabara akakohoa.

"Haya, Madam. Huyo msichana mpe alama zake."

"Nilimpa siku ile ile, Mzee, na kwa wino. Hizo ziro zako nimewapa wale wengine, mpaka warudi ziwani wakachote upya."