Majani Chini ya Wipa

Fundi wetu wa hapa Katoomba hakimbilii kufungua boneti. Kwanza hupapasa zulia la upande wa abiria, hunusa vidole, kisha huuliza gari hulala wapi. "Chini ya mkaratusi," nilimjibu. Akaguna. Kila mvua iliponyesha zulia hilo lililowa, nami nilikuwa na hofu, kwa kuwa gereji nyingine ilishaniambia bodi imeoza kwa kutu na gari ni la kutupa, na mume wangu Desmond husafishwa figo hospitalini kule Penrith, mbali na hapa, mara tatu kwa wiki.

Fundi akaing'oa taratibu plastiki iliyo chini ya wipa, huku akipiga mluzi usio na wimbo. Humo ndani majani yalikuwa yamejaa tele, meusi, yamelowa kama makapi ya chai. Akayachota kwa vidole vyake virefu, fungu kwa fungu, na kuyaweka juu ya gazeti. Akakigonga chuma kilichokuwa chini ya majani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Halafu akapenyeza waya wa breki ya baiskeli kwenye tundu la kutolea maji, akauzungusha, akanipa birika la maji, akalala chali kando ya gurudumu, kwenye sakafu ya baridi.

"Mimina birika lote, mama. Usinionee huruma."

Nikamimina pale yalipotolewa majani. Halikutoka hata tone. Mara maji yakabubujika, nikamsikia akicheka huko chini. Aliinuka ndevu zikichuruzika.

"Chuma kizima kabisa, ni majani tu yaliyoziba njia ya maji. Kaanike zulia, kesho umpeleke mzee wako."

Nikamkumbatia hivyohivyo alivyolowa.