Kichwa cha Ukoo Wetu

Kwetu hatuna kichwa cha shule. Baba alilisema hilo kama anayetaja kabila lake, bila haya wala majonzi. Yeye aliacha shule akiwa bado anashika mkia, na mimi nilishika mkia tangu darasa la pili. Maji hufuata mkondo, alisema, nami nikakasirika.

Darasani tuliketi kwa matokeo ya mtihani: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma kabisa, upepo wa Ufipa ukimpiga kisogo. Kila nilipofeli nilisogezwa nyuma, na kila niliposogezwa nyuma ubao ulizidi kuwa weusi mtupu. Nilidhani wenzangu nao hawaoni kitu, ila wana akili ya kubahatisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipoanza. Shule zilikuwa zimeanza kudai michango, na baba alishaamua: mahindi yakiuzwa, nitaacha shule, asome mdogo wangu aliyefuata akili za ukoo wa mama.

Tukayapeleka mahindi Sumbawanga. Pale soko la Majengo muuza mitumba alikuwa ametandaza miwani kuukuu kwenye turubai. Nikaivaa mojawapo kwa utani, nimwige mwalimu mkuu, kisha utani ukaniisha. Mti wa ng'ambo ya barabara ulikuwa na majani, moja moja. Nikasoma kibao cha duka kwa sauti. Baba alidhani nabuni, nikamvulia miwani nikampa.

Aliivaa, akaitazama barabara.

"Kumbe nilikurithisha macho, mwanangu," alisema. "Mimi nikadhani ni ujinga."

Nililia palepale sokoni, na sijawahi kulia kwa raha namna ile. Tulirudi kila mtu na miwani yake.

Siku hizi nawasikia wasomi redioni wakisema akili hurithiwa, hivyo serikali isijisumbue na watoto wa mkiani. Nahamaki, nazima redio. Baba hakukosea kuhusu mkondo. Alichosahau ni kwamba mkondo huchimbiwa mfereji, na yeye mkulima.

Shule ilipofunguliwa mwaka ule, alikuja mwenyewe, akamwomba mwalimu anikalishe mbele kabla ya mtihani, si baada yake. Mwalimu akakubali. Nilipogeuka kumuaga, baba alikuwa bado amesimama mlangoni na miwani yake, midomo ikimchezacheza, anausoma ubao.