Ulimi wa Mzee Ulimi

Mgodini walimwita Mzee Ulimi, na si kwa sababu ya maneno, maana hayo alikuwa nayo machache. Alikuwa mwonjaji. Kabla ukuta wa makaa haujalipuliwa, yeye hutangulia na mtaimbo, akigonga dari. Mwamba mzima hulia kama kengele. Wenye nyufa hutoa sauti ya debe bovu. Akikuta ufa unatoa jasho, huchovya kidole na kulamba. Maji ya mvua hayana neno. Lakini maji yaliyolala miaka katika mashimo ya zamani, yaliyoachwa bila ramani, huwa machachu yenye ladha ya kutu. Ukilipua ukuta wenye maji hayo nyuma yake, umejifungulia ziwa.

Nyumbani tabia ilikuwa ile ile. Aligonga kuta za chumba kabla ya kulala, na mchuzi aliuonja kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Siku moja utanionja na mimi," mkewe alimwambia.

Sasa wiki hiyo jino likamuuma. Akajaza karafuu shavuni mpaka mdomo mzima ukafa ganzi, akashuka shimoni hivyo hivyo. Akakuta ufa mpya, mwembamba kama ukucha, unatoa jasho. Akalamba. Hakuna ladha. Akalamba tena. Hata ingekuwa sabuni asingejua.

"Vipi, mzee?" nyapara akauliza. "Kesho asubuhi tunalipua hapa."

Kusema hajui ni kukiri kwamba ulimi umestaafu kabla yake. Kusema ni salama ni kuwatosa watu kumi na wawili.

"Nitakujibu kesho," akasema.

"Tangu lini maji yanafikiriwa?" wenzake wakacheka.

Walipogeuka, akamwaga chai iliyobaki kwenye chupa yake, akakinga matone mpaka yakafika robo. Atayaonja nyumbani, ganzi ikiisha. Alipofika nyumbani akaiacha chupa mezani, akaenda kuoga. Alisahau kwamba mkewe, miaka yote, humalizia chai inayorudi.

"Ptuu! Wewe mzee! Umechemsha misumari?"

Akatoka na povu kichwani. "Umesemaje?"

"Misumari! Tena umeikamulia ndimu!"

"Rudia, mama watoto."

"Nirudie nini? Njoo uonje mwenyewe!"

Hakungoja. Akafika kwa nyapara na taulo kiunoni, akamwambia maji yale ni machachu, yana kutu.

"Umeonja mwenyewe?" nyapara akauliza.

"Ameonja mama watoto."

Nyapara akacheka mpaka akakaa chini. Mzee akashika taulo vizuri. "Kesho toboa kwanza tundu moja, refu, jembamba, lenye bomba na koki. Likitoka vumbi, nakurudishia mtaimbo, naenda zangu nyumbani kabisa."

Asubuhi wakatoboa, wengine wote wakiwa wamerudishwa nyuma. Tundu lilipofika hatua kumi na nne, keekee ya kutobolea ikasukumwa nje, na maji yakaruka yakamvua nyapara kofia. Wakafunga koki. Ziwa lile walilitoa kidogo kidogo kwa siku kumi na tisa.

Nyapara hakuomba radhi. Si desturi yake. Ila jioni moja alibisha hodi kwa Mzee Ulimi, amekumbatia chupa ya chai.

"Shikamoo, mama. Kuna ufa mwingine, upande wa kushoto..."

Mama akamtazama mumewe, aliyekuwa bado na karafuu zake shavuni. Akachukua kikombe.

"Marahaba. Na sukari mmetia safari hii?"