Siku binti yangu alicheza tenisi mbele ya mukubwa

Nilikuwa nafulia madamu moja Muingereza mu Golf, mutaa ya batajiri. Bwana yake alikuwa injinia ku migodi ya shaba. Madamu mwenyewe, mbele ya ndoa, tenisi ilikuwa kazi yake ya kulipwa: leo inchi hii, kesho ingine, valizi ku mukono. Kisha goti ikapasuka. "Mama, kazi yangu ilikufia hapa," akaniambia, na kupiga ile goti sawa anapiga hodi.

Akakamata binti yangu wa kwanza, akamufundisha. Mutoto alikuwa na mukono! Sisemi vile juu ni wangu. Mupira ilitoka kwake na sauti ya mbao inapasuka. Madamu akaapa atamutuma Ulaya, acheze sawa yeye alikuwa anacheza.

Chama, kile kimoja cha inchi, kikasikia. Muntu wao akakuya kwetu, abakosi, ile koti ya chama, imefungwa mpaka ku shingo, meno inje.

"Citoyenne, mama mwananchi, pongezi! Mukubwa anatoka Kinshasa. Binti yako atacheza mbele yake."

"Na jupe, sketi fupi ile? Si mulikataza, banamuke bote bavae bikwembe?"

"Siku ile tunaruhusu. Mukubwa anapenda michezo."

Alicheka. Miye hapana. Mwaka uliopita mutoto ya jirani yangu alichezea mukubwa mwingine ngoma ya chama. Kisha ngoma, bakamuita apongezwe. Gari ikamubeba. Hakurudia. Mama yake aliuliza. Bakamuambia asiulize tena.

Madamu hakuelewa. "Acheze! Bakubwa njo banasaidia."

"Kwenu, mukimaliza kucheza, munarudia ku nyumba?"

"Ndiyo."

"Basi, nyamaza."

Kukataa ilikuwa jela ya baba yake. Nikamuambia binti: "Shindwa mbio, utoke."

"Nishindwe na ule bibi ya dokta nitacheza naye, anakimbia sawa bata? Mama, afazali nikufe!"

Kichwa ngumu. Yangu hiyo.

Akashinda. Bantu bakapiga makofi. Mukubwa akatosha miwani ku macho, akamuangalia kutoka miguu mpaka juu, akainamia sikio ya muntu ya chama. Ule akaanza kushuka ngazi.

Mugongoni nilikuwa na mutoto wangu wa mwisho, bado wa kunyonya. Nikaingia mu uwanja, nikamufungia binti yangu kikwembe juu ya jupe, nikamubebesha mutoto, nikakaza.

"Ni wako," nikamuambia mu sikio.

"Mukubwa anamuita," muntu ya chama akasema.

"Mama ya mutoto iko nakuya!" nikajibu kwa nguvu, bote basikie. "Anyonyeshe kwanza!"

Bantu bakacheka. Kule juu, mukubwa akageuza uso. Lakini ule wa chama akanisogelea.

"Mutoto anafanana na wewe sana, mama. Kesho nitapita kwenu, nione ananyonya kwa nani."

Magaribi ile ile binti yangu alikuwa mu treni ya Sakania, mbali ku mupaka, kwa shangazi yake. Mutoto alibaki juu maziwa ilikuwa yangu. Madamu alilia, akisema nimeua kazi ya muntu. Nikaendelea kufua.

Muntu ya chama akakuya kweli. Akanikuta mulangoni, mutoto ku titi.

"Mama yake iko wapi?"

"Alifuata bwana yake."

Akaingia, akaikala mu kiti ya bwana yangu, akaomba maji.

"Nitamungojea."

Alirudia mara mingi, miaka. Baba ya binti yangu alikufa, tukamuzika. Hata kwa kilio ile, binti sikumuita arudi.