Gari Lililokuwa Likizima Igawa

Harufu ya petroli ilikuwa ikiingia nyumbani kwetu kabla ya baba mwenyewe. Tulikaa Mwanjelwa, Mbeya, katikati ya miaka ya sabini, katika vyumba vilivyokuwa nyuma ya duka la baba la kanga na vitambaa. Mwaka huo alikuwa amenunua gari kwa mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake wa barabara na kurudi kwao. Lilikuwa gari refu la rangi ya maziwa, na kitu baba alichojivunia kuliko vyote ni kwamba halikuwa na kabureta. Petroli yake ilisukumwa na pampu ya umeme hadi kwenye nozeli za kuinyunyizia ndani ya injini, na pampu hiyo ililia kama mbu chini ya viti kila alipowasha. "Halina kabureta hili," aliwaambia wateja, hata akina mama waliokuja kununua kanga ya msiba na hawakuwa na haja ya kujua. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mtoto wake wa pekee, na nilikuwa nimezoea kuwa ndiye anayetajwa kwa wageni. Sasa walitajiwa gari.

Ndani ya buti, upande wa kushoto, mhandisi yule aliacha kitu ambacho hakuna mtu mtaani kwetu aliyekijua: kopo jeusi lililojaa mkaa, lililounganishwa na tangi kwa mpira mwembamba. Leo najua kazi yake. Tangi la petroli hutoa mvuke, na hunyonya hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Ule mkaa ulikuwa ukikamata mvuke usinuke, na mpira ndio uliokuwa pua ya tangi. Fundi wa kwanza aliyelifungua alicheka, akasema mkaa ni wa jikoni, akalitupa kopo na kuuacha mpira wazi. Kuanzia hapo buti zima likanuka. Baba alileta kanga kutoka Iringa kwa mwenye duka la jumla, na kila mzigo ulifika ukinuka petroli. Wateja walizinusa, wakazikunja, wakazirudisha. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiuza, alizianika uani kwenye ule upepo wetu wa baridi wa mwezi wa sita, na bado zilinuka. Siku moja akachoka. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakikanda kwa maji mpaka kikalainika, akauziba mdomo wa ule mpira kama madereva wa malori wanavyoziba tangi linalovuja. Harufu ikaisha. Baba akasema gari limetuzoea, na mama hakuona sababu ya kumweleza, kwani kwake ilikuwa kazi ya usafi kama kuziba tundu la panya.

Hapo ndipo safari zikaanza kuchelewa. Zamani baba aliondoka alfajiri, akafika Iringa maduka yakiwa wazi, akalala na kurudi kesho yake. Sasa akawa anarudi kesho kutwa, suruali imejaa vumbi, akisema gari limezima Igawa. Wiki iliyofuata, Igawa tena. Lilizima lenyewe, alisema, likakaa saa nyingi, kisha likawaka kama halikuwa na lolote. Mama alimsikiliza bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele.

"Njia yote hiyo, lizime Igawa tu?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe nashangaa."

"Na wakati wa kurudi?"

"Kurudi halizimi. Nikiongeza mafuta Makambako na Chimala linakuja bila tatizo."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na sijawahi kusikia jibu la kweli lililofanana na uongo kiasi kile. Tena alikuwa anarudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, na alipoulizwa kampa nani alisema ni watu wa pale, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Mama aliyapokea maziwa, akayaweka kabatini, na hakuna aliyeyanywa mpaka yakaharibika. Kisha siku moja ya Jumapili mama alikuwa akiliosha gari, nami nikibeba ndoo, akasimama nyuma yake na kitambaa mkononi. Kwenye vumbi la kioo cha nyuma mtu alikuwa ameandika kwa kidole, herufi kubwa za kupindapinda: KABULA. Mama hakukifuta kioo kile. Alimwita baba.

"Kabula ni nani?"

"Mtoto mmoja wa pale Igawa," baba alisema.

"Mtoto wa nani?"

Baba alicheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Usiku ule mama alihamia kitandani kwangu, na asubuhi nikamwona akitoa sanduku lake uvunguni na kulipangusa. Alikuwa na shangazi Iringa, Mlandege, na nilijua kwamba sanduku likienda Mlandege, nyumba yetu imekwisha. Niliogopa sana. Ila nisidanganye kwamba niliogopa tu. Niliona wivu, na wivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa mama, kwa sababu yeye alimchukia mwanamke asiyemjua, na mimi niliyemchukia nilikuwa nimepewa hata jina lake. Nilimtengeneza Kabula mwenyewe. Nilimpa gauni la njano na viatu vyeupe vya kufunga kwa kifungo. Nilimkalisha kwenye kiti cha mbele nilichokuwa nikikalia mimi. Nikiwa shuleni nilimwona anakula ule mkate wa Iringa ambao baba alikuwa akituletea ukiwa bado laini, na ambao sasa ulitufikia mkavu. Nilipompelekea baba daftari langu la kuandika anisaidie, akanijibu, "Muulize mwalimu wako, baba ana kazi," nilijua daftari la nani lilikuwa likisahihishwa.

Safari iliyofuata mama alivaa baibui lake zuri, akaweka sanduku ndani ya gari, akanipandisha nyuma. "Tunakwenda wote," alisema. "Kama nitarudi au nitabaki Mlandege, nitajua njiani." Baba hakubisha. Tulishuka kwenye bonde, tukapita Igurusi na Chimala, mashamba ya mpunga upande mmoja. Tulipokaribia Igawa ile pampu ikaanza kulia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, gari likakohoa, likazima. Baba alilisogeza pembeni ya barabara. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivyo kwa kuharibikiwa na gari. "Umeona?" alimwambia mama.

Kutoka kwenye kibanda cha nyasi wakaja watu wawili. Mmoja alikuwa bibi mzee mwenye kibuyu, meno ya mbele hana. Wa pili alikuwa msichana wa umri wangu, pekupeku, amejifunga kaniki iliyopauka.

"Shikamoo baba," msichana alimwambia baba yangu.

"Marahaba, mwanangu."

Kila mtu mzima huwaita watoto hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiitwa mwanangu na nusu ya soko la Mwanjelwa. Lakini lile neno lilinichoma. Mama alimsalimia bibi kwa adabu zote, akamwangalia, akaangalia kile kibanda na ng'ombe nyuma yake, akatafuta mwanamke mwingine na hakumwona. Akamgeukia baba.

"Fungua tangi nione kama mafuta yapo."

"Yapo, mama Zuhura. Si mshale huo hapo?"

"Mshale mimi siujui. Fungua."

Baba aliushika mfuniko, ukamgomea, akauzungusha kwa mikono miwili. Ulipoachia, tangi lilivuta hewa kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Baba alibaki ameushika. Kisha akaingia, akageuza ufunguo, na gari likawaka mara moja. Akalizima, akashuka na kwenda kwenye buti. Alitoa mizigo yote, akaufuata ule mpira kwa vidole mpaka mwisho wake, akauchokoa kwa msumari. Kikatoka kidonge cha buluu. Alikinusa.

"Sabuni. Nani katia sabuni huku?"

"Mimi," mama alisema. "Kanga zilipokuwa zinanuka."

Baba alimtazama, akakitazama kile kidonge, akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye bampa. "Gari lilikuwa limezibwa pumzi," alisema. "Toka Mbeya mpaka hapa mfuniko haufunguliwi; huko mbele naufungua kila nikiongeza mafuta. Basi, mama Zuhura, mwanamke aliyekuwa ananiweka Igawa ni wewe." Mama alijifunika uso kwa ushungi, na mabega yake yakatikisika, na nilipoogopa kwamba analia nikasikia kicheko. Bibi naye akacheka ingawa hakujua wanacheka nini. Wakagawana maziwa, na mama akayanywa.

Mimi sikucheka. Yule msichana, Kabula mwenyewe, alikuwa amezunguka nyuma ya gari na kuandika kwenye vumbi la kioo, na nilipomfuata nikakuta ameandika ZUHURA. "Ndiye wewe?" aliniuliza. "Hili ndilo alilonifundisha kwanza. Langu likafuata." Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliona kwamba hata jina langu amelichukua, tena anaiandika Z vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo yale masaa yote ambayo gari lilikuwa likikaa kimya barabarani, baba yangu, ambaye hakuwa na dakika ya daftari langu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari na mtoto wa watu, akimshika kidole kumwongoza kuandika. Nililifuta jina langu kwa kiganja, nikapanda garini.

Sanduku la mama lilirudi nalo Mwanjelwa. Baba aliuelekeza ule mpira chini ya gari ili mvuke utokee nje, na gari halikuzima tena. Akawa anapita Igawa kwa kupiga honi tu. Nilisubiri yale masaa ayalete nyumbani, nikaliweka daftari mahali atakapoliona, lakini nyumbani kulikuwa na duka, na duka halikuwahi kuzima.

Baba ametangulia mbele ya haki. Gari ninaloendesha mimi lina kopo lake la mkaa mahali fulani chini, na hakuna fundi wa siku hizi anayelitupa. Linapumua lenyewe, halinuki, halisimami pasipotakiwa. Iringa naenda na kurudi siku hiyohiyo. Mama, ambaye wivu wake uliishia palepale barabarani, huniambia nisimame Igawa nimuulizie Kabula, kwamba huenda bado yupo, ana wajukuu, na atafurahi. Najua atafurahi. Atanikaribisha, atanisimulia jinsi baba alivyokuwa akiongea na mtoto alipokuwa hana pa kwenda. Nataka kuyasikia hayo kuliko kitu chochote, na siwezi kuvumilia kwamba anayeyajua ni yeye. Kila nikifika pale hupunguza mwendo, nikawatazama wanawake wa rika langu wanaouza kando ya barabara, kisha nikaongeza mwendo nikapita.